Hesabu Moto Kabla ya Faranga

Familia ya vilimani ikiamua kubana matumizi, jicho la kwanza huangukia sukari, kisha mafuta ya mawese, kisha nyama ambayo hata kabla ya hapo haikuwa ya kila wiki. Kinachofuata kinajulikana: chakula hupoteza ladha, watoto hununa, na baada ya miezi miwili kila kitu hurudi kilivyokuwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa kaya za Ryansoro, na kwa vilima vyote vya Burundi kuanzia Gitega hadi Muyinga, pa kuanzia ni chini ya sufuria, wala si kwenye sahani. Moto ndio matumizi makubwa yasiyoandikwa popote. Huwashwa kila siku, mjini hulipiwa kwa faranga na kijijini hulipiwa kwa mgongo wa mama na mtoto, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea hewani bila kuivisha hata punje moja ya haragwe. Nyumba inayojua kuutunza moto hupata vitu viwili ambavyo ubanaji wa kawaida hauvileti: saa za mchana, na akiba ndogo ambayo haikutolewa mdomoni mwa mtu. Kwa vitu hivyo viwili bustani huwezekana, ukarabati wa nyumba huwezekana, na hata safari ndogo ya familia huwezekana.

Kuna jambo la maumbile ambalo mapishi mengi yaliyoandikwa pwani hayalitaji, kwa sababu huko halina uzito. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari tu. Kila upandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1. Mji wa Gitega uko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo sufuria yake huchemka kwenye nyuzi 95, na kwenye vilima virefu zaidi huchemka kwenye 94 au chini yake. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini haragwe kavu huihisi sana: hulainika taratibu zaidi kwa kila nyuzi inayopungua, na maharagwe yale yale yanayoiva mapema Mombasa au Bujumbura hudai muda mrefu zaidi huku juu. Mpishi akiona hayaivi, huongeza kuni. Hapo ndipo hasara inapoingia. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiweka gogo zima; moto wa ziada hugeuka mvuke, mvuke hupunguza maji, na maji yaliyopungua hudai mengine ya baridi ambayo nayo yachemshwe upya. Mwali mdogo unaotosha kuifanya sufuria itoe mapovu, ikiwa imefunikwa, huivisha sawasawa na mwali mkubwa. Anayelishika hili peke yake, bila kununua chochote, ameshaokoa sehemu ya mzigo wa kuni wa juma zima.

Wapo watakaosema kwamba kijijini kuni ni za bure, basi hesabu hii ni ya watu wa mjini wanaonunua makaa kwa gunia. Pingamizi hili lina nguvu mpaka pale mtu anapouliza nani anazileta. Katika nyumba nyingi ni mama na mabinti, na saa wanazotumia kutafuta kuni ni saa zilizotolewa kwenye shamba, kwenye daftari la shule au kwenye usingizi. Isitoshe, vilima vya kati vya Burundi vina watu wengi na mashamba madogo, na miti iliyopo mingi ni mikaratusi ya kupandwa yenye wenyewe, si msitu wa kila mtu. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa kupanda miti uitwao Ewe Burundi Urambaye mwaka 2018, jambo linaloonyesha kwamba vilima vilivyo wazi ni tatizo la taifa. Kisha kuna moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto wengi wa chini ya miaka 5. Kuni za bure zina gharama, ila hulipwa na yule ambaye hatujazoea kumwuliza.

Chukua basi maharagwe, kwa kuwa ndiyo chakula kikuu cha vilimani na ndiyo yanayokula moto kuliko kitu kingine jikoni. Kazi ya kuyapika kwa moto mdogo huanza siku ya kuyanunua. Haragwe lililokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, gamba na kiini chake hukaza, na halitalainika vizuri hata likichemshwa kutwa. Kwa hiyo bei nafuu ya haragwe kuukuu mara nyingi ni bei ya uongo: faranga unazobakiza sokoni unazichoma mekoni. Wakati wa kununua kwa wingi, au wa kutouza yote uliyovuna, ni baada ya mavuno ya msimu wa agatasi, mwezi wa 12 na wa 1, na baada ya mavuno ya msimu wa impeshi, mwezi wa 5 na wa 6. Hapo bei huwa chini na punje ni changa. Yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Njia rahisi ya kupima ni kutia punje chache ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, kuitikisa, na kuiacha dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado upo. Yaliyokauka yatiwe kwenye bidoni safi la lita 20, lijazwe mpaka shingoni, likazwe kifuniko, lisifunguliwe kwa wiki kadhaa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Bidoni lililowahi kubeba dawa za shambani au mafuta ya gari lisitumike kabisa, hata likisuguliwa mara kumi.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, maharagwe yaoshwe na kulowekwa kwenye maji yanayoyazidi mara tatu, kwa saa 10 hadi 12, maana usiku wa vilimani ni baridi na maji hupenya taratibu. Asubuhi maji hayo yamwagwe bustanini, na maharagwe yatiwe maji mapya. Kuloweka hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa, na maji yakimwagwa hata tumbo hutulia. Wako wanaopendelea kutia magadi ili yalainike upesi. Ni kweli yanalainisha, lakini huharibu sehemu ya vitamini ya kundi B, na haragwe lililolowekwa halina haja nayo. Nyanya na ndimu visubiri mwisho, kwa sababu uchachu huzuia haragwe kulainika. Wengi hutia nyanya mapema ili mchuzi ukolee, kisha hushangaa kwa nini punje zimebaki ngumu.

Linalofuata ni kapu la joto, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndicho chombo chenye faida kubwa kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Wakati wa vita kuu za dunia, familia za Ulaya zilizokosa makaa ya mawe zilipika kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Msingi wake ni kwamba chakula kilichochemka kinaendelea kuiva mradi joto lisitoke. Moto haulazimiki kuwapo muda wote. Vilimani vifaa vyake vyote viko karibu. Tafuta kapu kubwa ambalo sufuria ya nyumba inaingia na kubakiza upana wa kiganja kila upande. Lijaze majani makavu ya migomba chini na pembeni, yakishindiliwa kiasi, kisha ulizungushie kitambaa kizito au blanketi kuukuu ndani ili majani yasiguse chungu. Shona mto wa kitambaa uliojazwa majani hayo hayo, uwe mnene na upana wa mdomo wa kapu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 30, yakiwa yamefunikwa, kisha sufuria iingizwe kapuni ikiwa inatokota bado, ikandamizwe mto juu, isifunguliwe kwa saa 4. Ikitoka, irudishwe motoni ichemke tena kwa dakika 10 huku vitunguu, nyanya na chumvi vikiingia. Mchele hudai dakika 5 tu za kuchemka na karibu saa moja ya kapu. Sufuria ijae angalau robo tatu, maana chakula kidogo hupoteza joto upesi.

Wapo watakaohofia kwamba chakula kinachokaa bila moto kitaharibika au kitaleta ugonjwa. Hofu hiyo isipuuzwe. Haragwe, hasa lile jekundu, lina sumu ya asili inayovunjwa kwa mchemko mkali, na joto la vuguvugu halitoshi kuivunja. Ndiyo maana zile dakika 30 za mwanzo hazikatwi hata kama kuni zimebaki vijiti viwili. Vijidudu navyo huzaana chakula kinaposhuka chini ya nyuzi 60. Kapu lililotengenezwa vizuri hushikilia joto juu ya hapo kwa saa kadhaa, si kwa siku nzima. Kwa hiyo anayepika asubuhi ili ale mchana yuko salama, anayepika asubuhi ili ale usiku hayuko salama, na kila mara chakula kikitoka kapuni kichemke tena kabla ya kuliwa. Ukifungua ukakuta sufuria inashikika kwa mkono bila kuungua, kapu lako lina tundu au majani hayatoshi. Ongeza majani kabla ya kujaribu tena.

Kuna chakula kimoja ambacho hakiingii katika mpango huu, nacho ni kisamvu, isombe ya vilimani. Majani ya muhogo yana chembechembe zinazotoa sumu ya sianidi, na nyumbani sumu hiyo huondolewa kwa hatua mbili: kutwanga mpaka majani yalainike kabisa, kisha kuyachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili sumu iruke na mvuke. Anayekifunika kisamvu, anayekikatakata kwa kisu badala ya kukitwanga, au anayekisogeza kapuni mapema ili aokoe kuni, anaokoa kidogo na kuhatarisha mengi, hasa kwa watoto na hasa miezi ambayo nyumba inakula muhogo kila siku. Muhogo mchungu wa unga nao hudai kulowekwa na kukaushwa ipasavyo. Uchumi wa nyumba wenye akili hujua pa kukaza mkono na pa kuulegeza. Njia ya kufaa ni kupika kisamvu kingi kwa siku moja moto mmoja, na kukila na jirani.

Jiko lenyewe linafuata. Mafiga matatu yaliyo wazi hupeleka kwenye chakula sehemu ndogo tu ya joto la kuni, kati ya moja ya kumi na moja ya saba hivi; lililobaki hupasha ukuta na macho ya mpishi. Jiko la udongo lililojengwa kwa mikono, lenye mdomo mdogo wa kuni, nafasi ya hewa chini ya kuni, na tundu linaloikumbatia sufuria kwa kuacha upana wa kidole kuizunguka, hupunguza kuni kwa kiasi ambacho mpishi mwenyewe ataona ndani ya juma. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa hutosha. Likaushwe kivulini kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwashwa moto mkubwa, na kila ufa uzibwe mara unapoonekana. Ni kazi ya nyumba inayofaa kufanywa na wazazi na watoto pamoja Jumamosi mchana, baada ya kazi za jumuiya. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba na zikauke kweli, kwa sababu kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake zenyewe. Kwa wakazi wa mji wa Gitega wanaotumia imbabura, yaani jiko la makaa, kanuni ni ile ile: makaa machache, kifuniko juu, na majivu yaondolewe mara kwa mara ili hewa ipite.

Pingamizi la haki zaidi dhidi ya haya yote hutoka kwa wazee. Wao husema moto wa mafiga ndio unaopasha nyumba, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Ryansoro hauna huruma. Wana haki. Mtu aliyepunguza moto kwa nusu kisha akaacha bibi atetemeke hajaokoa chochote. Jibu ni kupanga mapishi marefu yaangukie saa za baridi: kisamvu, maji ya kuoga na mchemko wa kwanza wa maharagwe vifanywe alfajiri au jioni, wakati joto linalotoka lina kazi ya pili. Saa za mchana ndizo za kapu. Na jiko la udongo, tofauti na mafiga, hushika joto kwa muda baada ya moto kuzimika. Wengine husema tusubiri umeme, kwa kuwa mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, umeshajengwa. Umeme ni wa kuushangilia. Lakini nguzo kufika kilimani ni jambo moja, na familia kumudu kupikia maharagwe kwa umeme ni jambo jingine. Kapu la joto litafaa hata siku hiyo, maana hupunguza bili kama linavyopunguza kuni.

Je, kilichookolewa kiende wapi? Kwanza kirudi sahanini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini Burundi wamedumaa, na kudumaa si kukosa chakula tumboni tu. Mara nyingi ni kula kitu kile kile kila siku. Ndiyo maana vituo vya mafunzo ya lishe vilimani, vinavyojulikana kwa kifupi cha FARN, hukusanya kina mama wapike pamoja kwa vyakula vya pale pale, si kwa maziwa ya kopo. Nyongeza ndogo zina nguvu kuliko tunavyodhani. Kijiko cha ndagala, yaani dagaa, zilizokaushwa na kusagwa kikitiwa kwenye uji au maharagwe ya mtoto ni protini na chokaa ya mifupa. Mafuta ya mawese mekundu yana vitamini A, mradi yasiunguzwe mpaka yageuke meupe. Haragwe lina madini ya chuma, na taasisi ya utafiti wa kilimo ISABU imekuwa ikieneza mbegu zenye chuma zaidi, lakini mwili huyachukua vizuri kunapokuwa na tunda lenye uchachu au nyanya karibu, na huyakosa mlo ukifuatwa na chai au kahawa. Kusogeza kikombe cha chai mbele kwa saa moja hakugharimu hata faranga moja, na kwa mama mjamzito ni jambo la maana sana.

Bustani ya jikoni huingia hapa, kwa kuwa maji na majivu yako mlangoni tayari. Lengalenga huchumwa ndani ya wiki nne hivi tangu kupandwa, na hata mwezi wa 7, wakati wa ici, yaani kiangazi, ambapo mashamba ya juu yamekauka na watu wameteremkia mabondeni, kigunia cha udongo kilichosimamishwa ukutani kitaishi kwa maji ya kuoshea mboga na ya kulowekea maharagwe. Maji ya sabuni nyingi yasiingie humo. Panda karibu na njia ya jikoni, si nyuma ya nyumba. Bustani isiyoonekana husahauliwa.

Sehemu inayobaki ya akiba ndiyo yenye ubishi. Nasema kwamba sehemu ya fedha zilizookolewa iwekwe, kwa jina na kwa maandishi, kwa ajili ya safari ndogo ya familia nzima, mara mbili au tatu kwa mwaka. Wengi wataona ni anasa, wakati ada ya daftari bado na paa linavuja. Lakini tazameni jinsi fedha ya nyumba inavyotoka. Intwererano, yaani michango ya harusi na sherehe, hutolewa hata na asiye nacho, kwa sababu jamii inazidai. Bia ya ndizi ya Jumapili hununuliwa bila kikao. Mtoto hana anayemdai haki ya kutoka na baba na mama yake kwenda kuona kitu, kwa hiyo fungu lake huwa la mwisho na halifiki. Tena ubanaji wa matumizi usio na kitu cha kungojea huchosha, na wa kwanza kuuvunja ni yule anayebeba mzigo wake. Mtoto aliyeambiwa kwamba kila gunia la makaa linalodumu siku nne zaidi linawapeleka matembezini atakuwa mlinzi wa kifuniko cha sufuria kuliko mtu mzima yeyote. Anayeishi karibu na kikundi cha akiba cha Nawe Nuze anaweza kununua hisa ndogo kwa jina la safari, ili fedha isikae nyumbani ikivutwa na kila haja ya siku.

Na mahali pa kwenda pako, bila kulala hotelini. Uhaba wa mafuta ya gari wa miaka hii umepandisha nauli na kuzifanya safari kuwa za kubahatisha, basi chagueni kwanza panapofikika kwa miguu au baiskeli. Gishora iko kilomita 7 hivi tu kutoka mji wa Gitega. Ni kilima cha ngoma za kifalme, kinachohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo na ushindi wake juu ya mwasi Ntibirangwa, na ngoma yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Jumba la makumbusho la taifa mjini Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955, lina vyungu, vikapu na vifaa vya kifalme. Bibi akifuatana nanyi, yeye ndiye atakayewaeleza watoto kila kitu kilitumikaje, kwa hiyo msimwache nyumbani eti amechoka. Kwa Wakatoliki, hija ya Mugera ya tarehe 15 mwezi wa 8, kwenye misheni iliyofunguliwa mwaka 1899, tayari ni matembezi ya kila mwaka. Linalokosekana ni kuyafanya kwa utulivu na chakula cha kutosha. Waislamu wa mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga wana siku za Idi, ambazo aghalabu huishia kwa kutembeleana. Siku ya pili yake inafaa sana kwa matembezi.

Kwa watu wa Ryansoro, hata hivyo, safari ninayoipendekeza kuliko zote ni ya kusini, Rutovu, kwenye chemchemi ya Nile. Hapo pana piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938, baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kuufuata mto mpaka chanzo chake cha kusini kabisa. Maji yanayotoka pale huingia Ruvyironza, Ruvyironza huingia Ruvubu, Ruvubu hupita mpakani mwa Muyinga na kuingia Kagera, na Kagera humwagika Ziwa Victoria kabla ya safari ndefu ya kwenda Misri. Mtoto aliyekunja mikono akayachota maji hayo ana somo la jiografia ambalo halitamtoka, na mwalimu wake ataliona. Familia za Muyinga zina mto huo huo upande wa pili, lakini hifadhi ya Ruvubu inadai gari na mpangilio, na mtoni mna viboko na mamba. Huko mtoto asisogee ukingoni, na asiyejua njia afuatane na mlinzi wa hifadhi.

Nendeni wakati wa ici, barabara zikiwa kavu na shule zimefungwa. Chakula cha njiani kipikwe jana yake na kisiwe cha mchuzi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, parachichi zisizokatwa, ndizi mbivu, na maji yaliyochemshwa kwenye bidoni dogo. Maharagwe yabaki nyumbani. Kazi ya kuandaa igawanywe waziwazi kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa matembezi ambayo mama ameamka usiku kuyapikia na kurudi usiku kuyaoshea vyombo hayakuwa matembezi yake. Wavulana waoshe sufuria, baba abebe maji, na mtoto mkubwa ashike daftari la fedha. Nauli ya wote ikipungua, msiwapeleke wawili na kuwaacha watatu nyumbani; chagueni mahali pa karibu zaidi ambapo miguu ya mdogo kuliko wote inafika, na Rutovu ingoje mwaka ujao.